Bibi aliondoka kimya kabla senema yake haijaisha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, nakaa Michenzani, Unguja, na mama, mdogo wangu wa kiume na bibi mzaa mama. Bibi ana miaka 83. Mwaka jana alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tangu hapo amekuwa kama mtu aliyerudishiwa dunia. Anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya mchele, anatuambia nani kapungua na nani kanenepa. Sikio la kushoto ndilo lililomkatalia, lakini la kulia bado zima.

Siku ya Idi mosi alikaa dirishani akiwaangalia watoto wakishuka kwenda viwanja vya sikukuu. Akasema, "Sisi sikukuu yetu ilikuwa senema." Akanihadithia jinsi dada yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alivyokuwa akimshika mkono mpaka Sultana, ile iliyokuja kuitwa Cine Afrique, kwenye onyesho la wanawake watupu. Picha moja hajaisahau mpaka leo: Awaara, ya Raj Kapoor na Nargis. "Laiti ningeiona tena kwa macho haya mapya," akasema.

Shangazi, nilifurahi kupata kitu cha kumpa. Niliitafuta intaneti, nikaipakua kwa bando la usiku, nikaitia kwenye flashi, na Idi pili nikawaita watoto wa mama mdogo waje tuangalie wote. Bibi alivaa kanga mpya. Alijifukiza udi kabisa, kama anayetoka.

Ilikwenda vibaya tangu mwanzo. Picha ilifunguka na mahakama, watu wanasema sana, hatujui nani ni nani. Watu wenyewe wafupi na wapana. Sauti inakwaruza. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, Bibi hakijui, na sisi tulichoka kuyasoma. Mmoja wa binamu zangu akauliza, "Bibi, hii TV imeharibika au?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Baadaye tukafika pale ufukweni, stelingi anampiga makofi msichana anayempenda, dada mwingine akasema, "Huyu ndiye mliyekuwa mkimlilia?" Bibi hakujibu. Kuanzia hapo kila mtu na simu yake. Mimi nilisinzia.

Nilipozinduka, TV ilikuwa ikiimba peke yake na kiti cha Bibi kitupu. Asubuhi aliniambia tu, "Ahsante mwanangu, nimeiona." Tangu siku ile haketi tena na sisi usiku, akisali Isha anaingia chumbani kwake.

Nimfanyeje? Binamu yangu anasema zipo programu za kutia rangi picha za zamani, ataitia rangi halafu tumwite tena. Na je, nimwongopee kwamba niliipenda? Ukweli ni kwamba sikuipenda. Tamthilia za Kikorea na za Kituruki naangalia mpaka alfajiri, kwa hiyo si uvivu. Ile nilishindwa hata pa kuishikia.

Mjukuu mwenye haya, Michenzani

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kwanza la Bibi, kwa sababu la senema linaweza kusubiri siku mbili na hili lisisubiri. Leo akimaliza kusali Isha, mfuate chumbani. Usiende na zawadi wala usiende na binamu zako. Kaa chini karibu na miguu yake umwambie uliyoniambia mimi: nilicheka, nikalala, na nimeona aibu. Usimwambie "samahani kama nimekuudhi." Umemuudhi, na anajua kwamba unajua. Wala usimwongopee kwamba uliipenda. Mtu wa miaka 83 aliyejifukiza udi kwa ajili ya picha ya saa karibu tatu atakugundua kwa swali moja tu: "Ulipenda wapi?"

Halafu mwombe muiangalie tena, wawili tu. Binamu waje mara ya tatu, wakitaka.

Sasa nikusaidie kuipata pa kuishikia, maana umeuliza kwa moyo safi na mimi hii picha naipenda.

Anza na televisheni yenyewe. Uliposema watu walikuwa wafupi na wapana, nilijua kosa liko wapi. Awaara ilitoka mwaka 1951, na picha za wakati ule zilikaribia umbo la mraba: upana ukiwa nne, kimo ni tatu. Televisheni za leo ni pana, kumi na sita kwa tisa, na nyingi huivuta picha ya zamani mpaka ijae kioo chote. Nargis mnayemwona pale si Nargis, ni Nargis aliyevutwa mashavu. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta ukubwa wa picha, chagua 4:3. Pembeni kutabaki mapande mawili meusi, yaache. Ukikuta pia kitu kinacholainisha mwendo wa picha, kizime, kinaifanya senema ionekane kama taarifa ya habari. Punguza mwanga wa kioo kidogo, zima taa ya sebuleni, funga pazia. Na tafuta nakala nyingine yenye sauti nzuri zaidi, hata ikikugharimu bando la siku mbili. Nusu ya picha ile ni nyimbo, na spika ndogo ya mezani, ikiwekwa upande wa sikio la Bibi linalosikia, itamfaa kuliko sauti ya TV.

La rangi, mwambie binamu yako aache. Nia yake njema, lakini atakachomletea Bibi si kile alichokiona. Miaka ile karibu picha zote za India zilikuwa hazina rangi, kwa kuwa filamu ya rangi ilikuwa ghali mno. Raj Kapoor, ambaye pia ndiye aliyeiongoza Awaara, hakutoa picha ya rangi mpaka Sangam, mwaka 1964. Lakini waliojua kazi yao hawakukaa wakiililia rangi. Walijifunza kusema kwa mwanga na kivuli. Mpiga picha wa Awaara aliitwa Radhu Karmakar. Angalia nyumba ya Jaji, yule mzee wa mahakamani: ngazi kubwa, dari juu kabisa, pembe zenye giza, na mtu mmoja tu katikati ya nafasi yote ile. Hujaambiwa neno, umeshajua kuwa nyumba hii ni baridi. Kisha angalia usiku wa mashua, wapendanao wawili majini, Rita (ndiye Nargis) na Raj (ndiye Raj Kapoor), Rita anamwimbia mwezi augeuze uso wake kidogo ili wao wapate faragha. Mwanga unacheza juu ya maji na juu ya mashavu yake. Programu ya kompyuta itapaka maji buluu na mashavu waridi, na mwezi utakuwa hauna kazi tena.

Zipo picha zilizotiwa rangi baadaye na watu wakazifurahia, Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ilirudi majumba ya senema ikiwa na rangi mwaka 2004. Sizikatazi. Ila mtu wa kuzianza na rangi si yule ambaye kichwani mwake zimekaa miaka 70 bila rangi.

Sasa kisa. Mlipotea kwa sababu picha inaanzia karibu na mwisho. Kijana, Raj, yuko kizimbani kwa kumvamia Jaji Raghunath akitaka kumuua. Wakili anayemtetea ni Rita, msichana aliyelelewa na Jaji huyo huyo. Rita anaanza kumhoji Jaji, na hapo ndipo hadithi inarudi nyuma. Ukilijua hilo kabla hujabonyeza, dakika zile za mwanzo zilizowapoteza zitakuwa tamu.

Jaji Raghunath ni mtu wa methali moja, nayo unaijua: mtoto wa nyoka ni nyoka. Anaamini mwana wa mwizi atakuwa mwizi, na mwana wa mwema atakuwa mwema. Zamani alimfunga mtu aitwaye Jagga bila ushahidi wa maana, kwa kuwa baba yake Jagga alikuwa jambazi. Jagga anakuja kulipa kisasi. Anamteka mkewe Jaji, Leela, na anapogundua kuwa mama wa watu ni mjamzito, anamrudisha baada ya siku nne bila kumgusa. Hesabu yake mbaya zaidi: watu watasema. Na watu wanasema. Jaji, mwenye elimu yote ile, anashindwa na maneno ya mitaani na anamtoa mkewe nje usiku wa mvua, na mimba yake.

Mwanangu, hebu simama hapo. Mke kafukuzwa kwa tetesi, anazaa njiani, analea mtoto peke yake katika vibanda vya Bombay, na baba yupo mjini anaheshimiwa. Ulidhani wanawake wa pale Sultana walihitaji Kihindi kuelewa hilo?

Na kama uigizaji uliwaonekea mkubwa kupita kiasi, una sababu yake. India yenyewe ina lugha nyingi, na si kila anayekata tiketi anajua Kihindi, kwa hiyo uso na wimbo vinabeba mzigo ambao kwenye tamthilia zako za Kikorea unabebwa na maneno na maandishi ya chini. Leela hasemi tu kwamba amevunjika, mwili wake wote unavunjika ili aliyekaa nyuma kabisa aone. Unguja na Pemba, Mombasa, Tanga, watu walizielewa picha hizi kwa macho, na aliyeiona alirudi nyumbani akawahadithia wasioiona, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo juu. Tuni zenyewe hazikwenda mbali. Sikiliza taarabu ya Juma Bhalo wa Mombasa utazikuta zimekaa ndani yake.

Kwa hiyo fanya hivi: zima maandishi ya Kiingereza. Mwombe Bibi akutafsirie. Simaanishi Kihindi, namaanisha picha. "Bibi, huyu nani? Kwa nini analia?" Acha akuhadithie kama walivyohadithiwa wale wasioiona. Akikosea kitu kidogo, usimsahihishe. Mara ya kwanza mlimweka kitini kama mgeni ndani ya picha yake mwenyewe, anaangalia watu wanaoangalia simu. Safari hii yeye ndiye mwenye shughuli. Na asiposema, basi asiseme, mkae kimya pamoja.

Iangalieni kwa vipande viwili. Picha za Kihindi zilitengenezwa zikijua kuwa katikati kuna mapumziko, watu watoke wakanunue njugu, wabishane kuhusu yaliyopita, warudi. Kuziangalia saa tatu mfululizo sebuleni ni kuzidhulumu. Simamisha picha karibu na nusu, weka chai na kashata, mwache Bibi akwambie kitakachokuja. Hakuna ubaya wa kujua mbele.

Kuna mambo matatu manne nataka uyatazame, maana mimi yamenikaa.

Mtoto anayeigiza Raj mdogo ni Shashi Kapoor, mdogo wake Raj Kapoor wa tumbo moja. Jaji Raghunath ni Prithviraj Kapoor, baba yao mzazi. Na mzee anayeonekana kwenye kiti cha hakimu ni baba yake Prithviraj. Vizazi vitatu vya nyumba moja wanaigiza picha inayouliza kama damu ndiyo inayomfanya mtu awe alivyo. Ukijua hilo, ile sura ya Jaji anapomtazama kijana kizimbani inakuwa nzito zaidi, kwani yule kweli ni mwanawe.

Raj mdogo anaiba mkate kwa sababu mama yake ana njaa. Akishakuwa mtu mzima, yuko gerezani, anapewa mkate, anautazama na kusema kwamba kama huu ungepatikana kule nje, yeye asingeingia humu ndani. Ni sentensi moja tu, inapita upesi. Aliyeandika kisa ni Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi wa habari aliyekuwa na uchungu na maskini, na mkate ule ndio jibu lake kwa methali ya Jaji.

Kisha ndoto. Inachukua dakika kama tisa, na hapa nakusihi simu iwe chumba kingine. Rita yuko juu mawinguni, Raj yuko chini kwenye moshi na moto, anapiga kelele kwamba hataki jehanamu hii. Ngazi, masanamu makubwa, Jagga anatokea na kisu. Waimbaji ni Lata Mangeshkar na Manna Dey. Sijaona mahali pengine kivuli na moshi vikifanya kazi kubwa kama ile, na hapakuwa na kompyuta hata moja.

Na ule wimbo wenyewe wa jina la picha, Raj anatembea mjini amekunja suruali, kofia upande, kama Charlie Chaplin, mwimbaji Mukesh ndiye mwenye sauti. Kijana hana kitu na anaimba kwamba hana kitu. Picha iliingia Urusi ya Kisovieti mwaka 1954 na watazamaji zaidi ya milioni 60 walikwenda kuiona. Bibi yako na dada yake, wameshikana mikono, walikuwa katika umati mkubwa kuliko walivyojua.

Umeniachia jambo moja gumu, na sitalikwepa. Makofi ya ufukweni. Dada yako aliyesema "Huyu ndiye mliyekuwa mkimlilia?" aliona vizuri. Rita anamwita Raj mshenzi, Raj anampiga, na picha inapita pale kana kwamba ni sehemu ya mapenzi. Mimi kila nikifika pale nakasirika. Picha hii inamshitaki Jaji kwa kumnyanyasa mkewe, na inamshitaki kwa haki, lakini ukatili wa kijana wake yenyewe haiuoni. Usilimeze hilo ili kumfurahisha Bibi. Kupenda kitu cha zamani hakukutaki useme kila kilichomo kilikuwa sawa.

Ila namna ya kusema iko. Dada yako aliuliza ili Bibi aaibike mbele ya watu. Wewe uliza ili ujue. "Bibi, pale ufukweni, ninyi wanawake mlisema nini?" Lilikuwa onyesho la wanawake watupu, hapakuwa na mwanamume wa kusikia. Inawezekana walinyamaza. Inawezekana walimtukana Raj mpaka sauti ya picha ikazama. Hilo halimo kwenye nakala yoyote uliyoipakua, liko kwa Bibi peke yake. Na msiishie kwenye makofi, mfuateni Rita mpaka mahakamani. Msichana amesimama kama wakili mwaka 1951, anamhoji mlezi wake mwenyewe, jaji, mbele ya watu, mpaka mzee yule mwenye uhakika na kila kitu anaanza kutetereka. Nargis alizaliwa mwaka 1929. Alikuwa na miaka 22, mdogo wako kwa mwaka mmoja.

Raj haachiwi huru, anafungwa miaka mitatu. Rita anaahidi kumsubiri. Nakwambia mapema ili usije ukalala tena ukingojea harusi.

Baada ya yote hayo inawezekana bado usiipende. Basi. Mwambie Bibi ulichokipenda, hata kama ni ile mashua tu au ule mkate tu, na umwambie kilichokushinda. Mazungumzo hayo atayapokea vizuri kuliko "nzuri sana Bibi" iliyosemwa na mtu anayepiga miayo.

Na picha ikiisha usiwashe taa haraka. Kuna swali nataka umuulize kabla hajanyanyuka: siku ile Sultana, alimlilia nani, Leela aliyefukuzwa na mimba yake, au Rita aliyeachwa akisubiri? Na dada yake, yeye alimlilia nani? Mkae wenyewe wawili, na ukae upande wake wa kulia.

Shangazi